Chati ya upepo na akili unde vikikuchanganya: utatuzi wa matatizo kwa manahodha wa Amu (Lamu)

Mwongozo huu ni wa nahodha, mwenye chombo au kiongozi wa kikundi cha wavuvi ambaye tayari ana simu yenye programu mbili tatu za upepo, pengine na akili unde (AI) ya kuuliza maswali, na bado akifika gatini hana hakika atoke au akae. Nimeupanga kwa dalili. Fundi wa mashine haanzi kwa kufungua kila kitu. Kwanza anasikiliza inakohoa wapi. Tafuta dalili inayokuhusu, nyingine ziruke. Wakulima wa Mpeketoni na Hindi nao wana sehemu yao, ile ya mvua.

Nitangulize jambo moja tu, kwa kuwa utalikuta tena huko mbele. Hitilafu nyingi ninazoletewa hazimo kwenye chati wala kwenye modeli, yaani hesabu za kompyuta, iliyoichora. Chanzo chake ni kufungua simu kabla ya kuamua ni kitu gani kitakachokuzuia kutoka. Aliyeamka na hamu ya bahari ataiona sababu ya kutoka kwenye chati yoyote utakayompa, na aliyeamka na uvivu ataona sababu ya kulala. Kwa hiyo, kabla ya dalili yoyote, chukua karatasi uandike: chombo changu, kwa mzigo huu na mabaharia hawa, hakitoki upepo ukizidi noti kadha, au wimbi likizidi mita kadha. Huo nitauita mstari wako.

Dalili: programu mbili, majibu mawili

Moja inasema 12, nyingine inasema 20, siku ile ile, mahali pale pale. Wengi huchagua ile inayowapendeza. Wengine huchukua katikati wakasema 16, kana kwamba upepo nao unakubali kupatanishwa. Kagua kwanza mambo manne.

La kwanza ni saa, na ndilo linalokosewa kuliko yote. Chati nyingi hutolewa kwa saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Juu ya hapo, sisi tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri. Sasa tazama namba 03 inavyoweza kumponza mtu. Mtu wa Amu akiiona, moyoni anasoma saa tatu, jua limeshapanda. Kama chati ni ya UTC, 03 hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Kama chati imewekwa kwa saa za Nairobi, ni saa tisa usiku. Namba moja imebeba nyakati tatu, na wakati wa kusi bahari ya alfajiri na bahari ya saa tatu zinaweza kuwa bahari mbili tofauti. Ingia kwenye mipangilio ya programu, tazama kama imeandikwa UTC au EAT, yaani saa za Nairobi. Ikiwa ni EAT, andika kwa kalamu: 06 saa kumi na mbili asubuhi, 09 saa tatu, 12 saa sita mchana, 15 saa tisa alasiri. Karatasi hiyo ibandike nyuma ya simu. Inaonekana jambo la kitoto mpaka siku ile unapokwenda nje kwa utabiri wa usiku uliopita.

La pili ni kipimo. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.852. Kilomita 20 kwa saa ni chini ya noti 11. Yaani ile 12 na ile 20 huenda zinasema karibu kitu kimoja, ila moja imewekwa kwa noti na nyingine kwa kilomita. Ukikuta mita kwa sekunde, zidisha kwa mbili utakaribia noti.

La tatu: hiyo namba ni wastani wa upepo au ni mipigo yake ya ghafla? Programu nyingi zinaonyesha vyote viwili katika safu mbili, na safu ya mipigo huwa juu zaidi. Linganisha wastani kwa wastani.

La nne ni modeli. Programu karibu zote hazitabiri chochote zenyewe; zinachukua hesabu za vituo vikubwa na kuzipaka rangi. Modeli ya kituo cha Ulaya, ECMWF, inagawa dunia katika miraba ya kilomita 9 hivi. Ile ya Marekani, GFS, ina miraba ya kilomita 13 hivi, na programu nyingi huionyesha kwa miraba mikubwa zaidi. Mraba wa kilomita 9 unameza mji wa Amu, Shela, mkondo wote na upande wa Manda, na kwa vyote hivyo unakupa namba moja.

Umekagua yote manne na bado zinatofautiana? Hapo usitafute ipi ni ya kweli. Tofauti hiyo ndiyo taarifa yenyewe: hesabu mbili nzuri, zilizoanza na bahari ile ile, hazikuafikiana. Siku hiyo ina mashaka zaidi ya kawaida, na mstari wako upimwe kwa ile namba mbaya.

Dalili: picha ya chati imezunguka kwenye WhatsApp, haina tarehe

Ifute. Modeli kubwa huendeshwa mara nne kwa siku, na picha ya juzi yenye "kesho" ndani yake inazungumzia jana. Anayesambaza aombwe kitu kimoja tu: picha ionyeshe tarehe ya utabiri na jina la modeli. Akishindwa, asisambaze.

Dalili: mstari mmoja safi, mkauamini mpaka siku ya kumi

Chati ya simu huchora mstari mmoja mwembamba kutoka leo mpaka wiki ijayo, na wino wa siku ya kumi ni mzito sawa na wa leo. Macho yanadanganyika. Kikundi kinapanga safari ya Kiwayu ya siku nne kwa kutazama kibonde kidogo cha upepo kilichoko siku ya nane.

Kituo cha ECMWF hakiendeshi hesabu moja. Kinaendesha 51, kila moja ikianza na hali ya hewa iliyopishana kidogo na mwenzake, kwa sababu hakuna anayejua hali kamili ya bahari na anga kwa sasa. Siku ya kwanza na ya pili mistari 51 hutembea pamoja. Kufikia siku ya tano imeanza kuachana. Siku ya nane wakati mwingine imetawanyika kiasi kwamba mmoja una noti 8 na mwingine 24, na ule mstari safi uliouona kwenye simu ni mmoja tu kati ya hiyo, au wastani wake. Kibonde ulichokipenda huenda kimo kwenye mistari sita.

Dawa yake: tafuta programu au tovuti inayoonyesha mistari yote, au angalau ukanda wa juu na chini. Kisha usitazame katikati. Hesabu ni mingapi imevuka mstari wako. Kama 10 kati ya 51 imevuka, hiyo ni siku moja kati ya tano.

Watu wengi wanaielewa hesabu ya aina hiyo vizuri kuliko kivuli cha rangi au asilimia. Mwaka 2016 Matthew Kay na wenzake huko Marekani walijaribu kuwaonyesha abiria wakati wa basi kufika kwa kutumia vidoto vinavyohesabika badala ya mlima laini wa uwezekano, na makadirio ya watu yakawa hayayumbi sana. Utafiti uliofuata mwaka 2018 ukaonyesha kwamba watu wakitumia vidoto hufanya uamuzi bora zaidi wa lini watoke kulifuata basi. Gatini hatuna basi, lakini kalamu tunayo. Chora vidoto 20 kwenye karatasi, weusishe vile vilivyovuka mstari. Vinne vyeusi kati ya 20 vinazungumza na baharia yeyote, aliyesoma na asiyesoma.

Dalili: chati ilisema mita mbili, tukapigwa na zaidi ya tatu

Hapa sina lawama kwa chati, ila nina lawama kwa wanaoitengeneza bila kueleza. Kimo cha wimbi kinachoandikwa kwenye utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa. Kwa ufafanuzi huo huo, yapo mawimbi yanayozidi namba iliyoandikwa. Ukikaa nje saa kadhaa, kutegemea wimbi moja linalokaribia mara mbili ya namba hiyo si kupita kiasi. "Mita 2" isomeke hivi: mengi yatakuwa chini ya mbili, baadhi yatazidi, na huenda moja likawa karibu na nne. Chombo hakizamishwi na wastani.

Kuna jambo la pili ambalo mraba wa kilomita 9 hauwezi kulijua. Wakati wa kusi upepo unasukuma kutoka baharini kuingia. Maji yakianza kutoka kwenye mkondo kupitia mlango wa Shela, yanakwenda kinyume na upepo huo. Maji yakipingana na upepo, mawimbi hubanana: yanakuwa mafupi, yamesimama wima, na yanavunjika. Siku za bamvua, maji yanapotoka kwa nguvu, mlango unaweza kuwa haupitiki kwa boti ndogo ya faiba huku chati ikiwa na rangi ya kijani kibichi. Siku za maji mafu, upepo ule ule unapitika. Hakuna programu ya upepo itakayokuambia hivyo, kwa sababu haitazami maji na upepo pamoja kwa udogo huo.

Weka basi chati mbili kando kando kwa saa ile ile, ya upepo na ya kujaa na kupwa. Kama saa yako ya kurudi inaangukia maji yanatoka, siku ya bamvua, na upepo ni wa kusi, shusha mstari wako. Kwa kiasi gani? Hilo muulize anayepita mlango huo kila siku, usiniulize mimi wala simu.

Dalili: "waliandika 40 kwa mia, haikunyesha, ni waongo"

Asilimia 40 ya mvua, na siku ikapita kavu. Hakuna aliyedanganya. Ungeweka siku kumi kama hiyo pamoja, sita zilitarajiwa kuwa kavu. Kosa hili si la watu wa Amu pekee. Mwaka 2005 Gerd Gigerenzer na wenzake waliwauliza watu wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York maana ya asilimia 30 ya mvua kesho. Baadhi walidhani mvua itanyesha asilimia 30 ya siku. Wengine walidhani ni asilimia 30 ya eneo. Dawa ni kuuliza "asilimia 30 ya nini?" na kujibu kwa sauti: ya siku kama hii ya kesho.

Kwa mkulima kosa hili ni ghali zaidi, kwa sababu linakuja katika ramani ya msimu. Idara ya Hali ya Hewa Kenya na ICPAC, kituo cha utabiri cha Afrika Mashariki, hutoa utabiri wa masika na vuli kwa mafungu matatu: zaidi ya kawaida, kawaida, chini ya kawaida. Mafungu hayo yanapatikana kwa kupanga misimu ya miaka iliyopita kutoka mkavu zaidi hadi wenye mvua zaidi, na kukata theluthi tatu. Bila kujua lolote, kila fungu lina 33 kwa mia. Sasa ramani inakuja imepakwa kijani, imeandikwa 45 kwenye fungu la mvua zaidi. Nimesikia ikisomwa barazani kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Hapana. Maana yake ni kwamba fungu la mvua nyingi limepanda kutoka 33 hadi 45, na 55 zilizobaki bado zimegawanywa kati ya kawaida na chini ya kawaida. Ni kuinama kidogo upande mmoja. Kung'oa pamba yote kwa ajili ya kuinama huko ni kucheza kamari. Kuzibua mitaro ya maji ni busara, maana mtaro ni kazi ya siku chache.

Mwaka 2015 tulitarajia El Niño ya kutisha kama ya 1997, na mvua haikuja kwa kiwango kile. Oktoba 2023 ilisikika kauli kutoka juu serikalini kwamba El Niño haitakuwa kali kama ilivyotabiriwa. Novemba mafuriko yakaikata barabara ya Garsen kuja Lamu. Mwenye kuhukumu utabiri kwa msimu mmoja atakosea pande zote mbili.

Dalili: akili unde imejibu kwa uhakika kamili

Hili linazidi, na vijana ndio wanaoanguka zaidi. Mtu anaandika: "Kesho asubuhi nataka kwenda kuvua nje ya Manda Toto, upepo si mbaya sana, eh?" Linakuja jibu zuri, Kiswahili sanifu kabisa: kesho panatarajiwa kuwa shwari, upepo wa wastani wa noti 10 hadi 15, kumbuka kubeba jaketi la kuokolea. Anatoka.

Jaribio la kwanza: fungua mazungumzo mapya, uulize kinyume. "Kesho bahari itachafuka nje ya Manda Toto, naona bora nibaki?" Ukijibiwa kwamba ni uamuzi wa busara kubaki, umepata ugonjwa. Ile sauti ya uhakika haikutoka kwenye utabiri wowote. Ilitoka kwenye swali lako. Programu hizi za mazungumzo zimefunzwa kuandika maneno yanayoelekea kufuata maneno, na zina tabia ya kumkubalia anayeuliza. Unyoofu wa sentensi zake hauna uhusiano na uhakika wa jambo. Nahodha mzee akiwa na shaka, utasikia sauti yake inapungua, hii haipungui.

Jaribio la pili: uliza, "Umetumia utabiri wa modeli gani, uliotolewa saa ngapi, na unganisho lake ni lipi?" Kama imekwenda kweli kwenye intaneti ikaleta utabiri wa leo, itakupa, nawe ufungue uone. Ikianza kuzungukazunguka, au ikitaja modeli bila saa, chukulia kwamba noti 10 hadi 15 ni maelezo ya siku ya kawaida ya Pwani, yaliyovishwa nguo ya kesho.

Jaribio la tatu linawahusu wanaopiga picha ya chati na kuiuliza akili unde inasema nini. Mpe picha ambayo jibu lake unalijua tayari. Mara nyingi inasoma umbo vizuri na kukosea namba za pembeni, hasa mistari miwili ikiwa na vipimo viwili.

Kuitupa kabisa, hata hivyo, ni hasara. Kugeuza kilomita kuwa noti, kukutafsiria tahadhari iliyoandikwa kwa Kiingereza, kukupangia jedwali la kupwa na kujaa ulilolinukuu wewe mwenyewe: kazi hizo inaziweza, na unaweza kuzikagua kwa macho. Ukiiuliza juu ya uamuzi, uliza hivi: "Nipe sababu tatu za kukaa na tatu za kutoka, na uniambie ni taarifa gani ikibadilika itabadilisha jibu." Swali la namna hiyo halina upande wa kukubaliwa.

Na pasiwe na mchanganyiko wa majina. Ipo akili unde nyingine, inayotabiri hali ya hewa yenyewe. GraphCast ya Google DeepMind ilitangazwa 2023, na ECMWF ilianza rasmi kutumia modeli yake iitwayo AIFS Februari 2025. Hizo zimejifunza kutoka kumbukumbu za hali ya hewa za dunia za miongo kadhaa, tangu 1979, na zinatoa utabiri kwa dakika badala ya saa nyingi. Si za kupuuzwa. Udhaifu wa nyingi kati ya zile za kwanza ni kwamba zilifunzwa kupunguza kosa la wastani, na mwenye kuogopa kosa la wastani hupunguza makali: vilele vya upepo vinalainika. Programu ikijisifu kuwa "inatumia akili unde", uliza ni ipi kati ya hizi mbili.

Dalili: rangi nyekundu imewatia hofu, au kijani imewatia moyo

Rangi hazina sheria ya dunia. Programu moja inaanza nyekundu kwenye noti 20, nyingine kwenye 30, na baadhi hujipanga upya kufuatana na siku, hivyo siku tulivu nayo ina wekundu wake. Isitoshe, wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengi wao hawajijui. Soma namba, na ikibidi geuza skrini iwe nyeusi na nyeupe.

Dalili: "njia ya kimbunga haitugusi"

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia, ramani yake ilikuwa kwenye kila simu: mstari katikati na umbo la pia linalopanuka. Kilitua kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei. Huku Kenya tahadhari za upepo na mawimbi makubwa zilitolewa, na palikuwa na wenye kujibu kwamba mstari umepita Tanzania.

Makosa mawili yamefungwa pamoja hapo. Umbo lile si ukubwa wa kimbunga. Linaonyesha kitovu chake kinaweza kupita wapi. Upepo na mawimbi yanafika mbali nje yake. Na hata kitovu hakijaahidi kubaki ndani: umbo linalochorwa na kituo cha vimbunga cha Marekani limepimwa ili theluthi mbili tu za makosa ya miaka iliyopita ziingie. Agosti 2004 watu wa Florida waliukazia macho mstari wa kimbunga Charley ulioelekea Tampa. Kikapinda na kupiga karibu na Punta Gorda, ndani ya umbo lile lile walilokuwa wameonyeshwa. Kwa bahari yetu, kituo kinachofuatilia vimbunga kiko kisiwa cha Réunion. Ukipata ramani yake, funika mstari wa katikati kwa kidole kabla ya kusoma chochote.

Dalili: wazee wanasema hivi, simu inasema vile

Wengine wanageuza jambo hili kuwa vita vya vijana na wazee, na mimi naona ni vita bure. Kila mmoja anaona umbali wake. Modeli inaona mgandamizo wa hewa ulioko kusini mwa Madagaska, ambao mzee hawezi kuuona akiwa barazani Shela. Mzee anayehesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, anayejua upepo wa matlai hushika saa ngapi na ni fungu gani la mchanga limehama tangu kusi iliyopita, anaona ndani ya ule mraba wa kilomita 9. Wakihitilafiana kuhusu siku tano zijazo, nasikiliza modeli. Wakihitilafiana kuhusu mlango leo jioni, namsikiliza mzee. Mzee akisema "siipendi hali hii" bila sababu, muulize ameona nini: mara nyingi kipo kitu, wingu au wimbi refu lililotangulia upepo wake, na kitu hicho kinaweza kuandikwa.

Dalili: taarifa zote tunazo, uamuzi hatuna

Kikundi kimekaa, chati tano zimefunguliwa, kila mtu ana hoja. Kuongeza chati ya sita hakutasaidia. Kinachokosekana ni hesabu ya hasara.

Tuseme kukaa siku moja kunakupotezea shilingi 4,000 za faida. Tuseme mambo yakiharibika utapoteza mashine na nyavu za shilingi 200,000. Gawanya 4,000 kwa 200,000: unapata 2 kwa mia. Uwezekano wa kupata hasara hiyo ukizidi hapo, kukaa ni rahisi kuliko kutoka. Lakini angalia, upepo kuvuka mstari wako si sawa na kupoteza mashine. Kama mnakadiria kwamba katika siku kumi ambazo upepo ulivuka mstari mkiwa nje, moja iliishia kwa hasara kubwa, basi 2 kwa mia ya hasara inakuja pale upepo unapokuwa na uwezekano wa 20 kwa mia wa kuvuka. Rudi kwenye vidoto 20: vinne vyeusi, mko mpakani. Vitano, kaeni.

Roho za mabaharia sikuziweka humo. Atakayeziweka ataona mpaka unashuka kuelekea sifuri, na hivyo ndivyo unavyostahili kushuka. Chombo kisicho na jaketi kwa kila mtu hakina haja ya hesabu hii.

Dalili: programu ilikosea mara moja, kikundi kizima kimeifuta

Mwaka 2015 Dietvorst, Simmons na Massey walionyesha kwamba watu wakishuhudia mashine ikikosea huiacha upesi, hata pale ambapo mwanadamu wanayemkimbilia anakosea zaidi. Nahodha tunamsamehe, programu tunaifuta. Upande wa pili pia upo: aliyetoka siku mbaya akarudi na nguru sita anasifiwa kwa ujasiri, na uamuzi mbovu unapata wanafunzi.

Fungueni daftari. Safu nne zinatosha: tarehe, utabiri uliosomwa jana jioni, tulichoamua na kwa nini, bahari ilivyokuwa kweli. Safu tatu za kwanza zijazwe kabla ya kutoka, na asiruhusiwe mtu kuzifuta baadaye. Kusi moja ikipita, kusanyeni siku zote ambazo chati ilisema moja kati ya tano. Kama upepo ulivuka karibu siku moja katika kila tano, programu inajua inachosema, hata kama siku mliyoikumbuka iliwatia hasira. Kama ulivuka nusu ya siku hizo, sasa mna sababu ya kuifuta, au bora zaidi, mnajua kuizidisha.

Dalili: chati mbaya, mstari umevukwa, vidoto vyeusi vimejaa, na chombo kimetoka

Usimlaumu nahodha kwamba hajui kusoma. Uliza barafu ni ya nani. Uliza petroli imekopwa kwa nani, na deni linahesabiwaje siku ya kukaa. Mara nyingi tajiri, yaani mwenye chombo, ameshatoa gharama za safari tangu jana, barafu inayeyuka, na kila siku ya kukaa inaandikwa kwenye jina la nahodha peke yake. Kwake yeye zile shilingi 4,000 za kukaa ni za mfukoni leo hii, na mashine ya 200,000 ni ya mtu mwingine. Hesabu yake ni sahihi kabisa kwa jinsi hasara ilivyogawanywa.

Hitilafu hii hutengenezwa kabla ya kusi kuanza, tajiri na nahodha wakiwa wamekaa pamoja. Andikeni mstari wa chombo, modeli itakayosomwa, na saa ya kuisoma, tuseme baada ya isha. Andikeni pia kwamba siku mstari ukivukwa, barafu inagawanywa nusu kwa nusu na deni halisogei. Kila mmoja aweke saini, na nakala moja ikae kwa katibu wa kikundi.